Uzito wa Upande wa Kushoto

Magomeni ya Kilosa nzima ilijua kwamba ukitaka gari lako lililobonyea lirudi sura yake ya kuzaliwa, unakwenda kwa Generoza. Mafundi wanaume walikuwepo, tena wenye vibao vikubwa vya rangi barabarani, lakini hao walikuwa wakipachika pati nene ya kuzibia bati hadi ukigonga fenda unadhani umegonga ukuta wa nyumba. Generoza alipiga nyundo kwanza, akapiga tena, akapapasa bati kwa kiganja huku kafumba macho, na pati kwake ilikuwa kitu cha mwisho kabisa. Kazi hiyo aliipata JKT akiwa msichana. Wenzake walichagua kupika na kushona, yeye akaomba nyundo, wakamcheka wee mpaka wakachoka. Miaka ishirini baadaye waume zao ndio waliokuwa wakimletea magari.

Mwaka tunaousema ni tisini na tano, wakati kila kitu kilikuwa ruksa. Watu waliopanga foleni ya sabuni juzi tu sasa walikuwa wanachagua sabuni kwa harufu. Magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yalikuwa yanashuka bandarini kila wiki, vipuri vya Dubai vimejaa maduka ya Gerezani, Dar, na huku kwetu mashamba ya mkonge yanafungwa moja baada ya jingine na vitu vyake kupigwa mnada, kuanzia mashine hadi viti vya ofisini. Generoza alinunua jeki mbili na gunia la spana katika mnada mmoja hivi, akaendelea na kazi yake uani, kwenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya ghala la zamani kubomoka.

Habari ya mumewe tuiseme mapema, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Bonifas alikuwa dereva wa meneja wa shamba moja la mkonge, Mgiriki aliyekuja na gari lake kutoka Ulaya kwa meli, Datsun ya michezo, nyekundu, chini chini, milango miwili, usukani kushoto. Masika ya mwaka themanini na saba meneja alikuwa Morogoro na barabara ya Kimamba imekatika kwa maji, kwa hiyo Bonifas akaambiwa azungukie Mikumi akamchukue. Aliondoka saa tatu asubuhi. Kesho yake gari lilikutwa limeegeshwa vizuri pembeni mwa barabara kuu, ndani ya hifadhi ya wanyama ya Mikumi, boneti iko wazi, mpira wa radieta umepasuka, ufunguo unaning'inia. Mtu hakuna. Askari na wanakijiji walitafuta siku tatu kuelekea mtoni, wakidhani amefuata maji, na hawakuona damu wala kipande cha nguo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Wiki mbili baadaye utingo mmoja wa lori akasema amemwona Bonifas Ifakara, sokoni, na mwanamke mweupe mweupe, wananunua perege. Utingo mwenyewe mlevi, lakini maneno yalishatoka. Watu wakayaunganisha: gari limeharibika, lori likasimama, jamaa akapanda, akaona bora asirudi tena.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na wanawake wawili na imani mbili. Domina, mama yake Bonifas, aliyekuja Kilosa na mumewe kutoka Njombe kukata mkonge, alisema mwanawe amekufa na akataka matanga. Generoza akasema matanga hayaweki. Hawezi kuvaa kaniki kwa ajili ya mtu anayekula samaki Ifakara. Alisema hivyo mbele ya watu, kwa ukali, na hakuna aliyethubutu kurudia hoja. Lakini ukweli ni kwamba jambo hilo lilikuwa linamla. Kama Bonifas alikufa, basi yeye ni mjane, ana haki ya kulia na kushikwa mkono. Kama alimkimbia, basi yeye ni mwanamke aliyetupwa kama tambara, bila hata kuambiwa kosa lake. Miaka minane hakujua ni lipi, akachagua lile la pili kwa sababu hasira ilimwezesha kuamka na kushika nyundo. Mtoto wao mmoja, Irine, alikuwa amekwisha kuolewa Dumila. Kwa hiyo nyumbani walibaki hao wawili, wanakula sahani moja, na Generoza anamwamkia mkwewe shikamoo kila asubuhi bila kukosa, na habari ya Bonifas haiguswi.

Sasa, mwezi wa tisa mwaka huo, Vitalis wa Mikumi akaja na Datsun ileile.

Vitalis alikuwa na nyumba ya wageni Mikumi na baa yenye friji mbili, kijana wa makamo, mcheshi, anayependa kuonekana. Gari alilipata kwenye mnada wa lile shamba, lilipokuwa limekaa bandani miaka minane juu ya matofali. Alilipeleka Dar, likafufuliwa injini, na usukani ukahamishwa kutoka kushoto kwenda kulia ili liwe kama magari mengine ya hapa. Kilichobaki ni mbwembwe. Akafungua buti akatoa kitu kirefu cha faiba kilichofungwa magazeti: spoila ya mbele, mpya, ya Dubai, ya kuning'inia chini ya bampa kama kidevu. Akasema amewaona nazo vijana wa Dar.

Mwanne, jirani mwenye duka la unga, alitoka kuangalia akauliza barabara ya Kilosa na Mikumi ina nini hadi mtu aifuate na kidevu chini. Spoila hiyo, alisema, ikifika kijiji cha Ulaya hapo njiani itakuwa imeshachimba viazi. Vitalis alicheka, akasema kwenye vumbi atakwenda polepole, raha yake iko kwenye lami ya hifadhini.

Generoza hakucheka. Alilijua gari lile kabla halijazimwa. Angeweza kukataa, na mikono yake ilitaka kukataa, lakini kukataa kungekuwa kuutangazia mtaa mzima kwamba jambo lile bado linamuuma. Alimwambia Vitalis aliache, arudi baada ya siku nne.

Kufunga spoila si kazi ngumu, ila ina udhia. Ile ya Dubai ilikuwa imetengenezwa kwa gari la kupigwa picha, si kwa gari lililokwisha kugonga mashimo ya shamba la mkonge. Lazima uipeleke, uione inapogusa, uikate kwa msumeno, uisugue kwa msasa, uirudishe, uitoe tena. Ukishaipata umbo, unapima urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini, kulia na kushoto, ndipo utoboe. Mteja huwa hatazami chasisi. Anachuchumaa mbele ya gari lake, anatazama nafasi iliyopo kati ya spoila na ardhi, na kama upande mmoja umeshuka hata kidogo atasema fundi ni kipofu.

Generoza alipima. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa vidole viwili.

Akajaza upepo matairi yote sawasawa. Vidole viwili. Akaweka pima maji juu ya sakafu, sakafu iko sawa kama aliyoimwaga mwenyewe jana. Akasema basi ni springi ya kushoto imechoka, maana gari lilikuwa la usukani kushoto na dereva alikaa upande huo miaka yote. Hilo lilikuwa na akili. Siku ya pili akazitoa springi zote mbili za mbele, akazibadilisha pande, ya kushoto akaitia kulia na ya kulia kushoto. Hapo ulemavu ungepaswa kuhama upande. Akashusha jeki, akapima. Kushoto chini, vidole viwili vilevile.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, mtaa umenyamaza. Generoza akaweka pima maji juu ya boneti, akachutama kuitazama. Tone lile la hewa ndani ya kioo lilikuwa limeegemea kulia, kama ilivyopasa gari likiinamia kushoto. Akiwa anatazama, bila kugusa kitu, tone likasogea kidogo kuelekea katikati, likatulia, kisha likarudi polepole lilipokuwa. Alifikiri upepo, lakini hata jani la mpapai halikuwa likitikisika. Mtu anapokaa garini muda mrefu, mguu ukafa ganzi, akajigeuza kitini: gari hucheza hivyo hivyo. Generoza alisimama akaingia ndani kunywa maji, na alipotoka alijikuta anapita upande wa kulia wa gari, ingawa vifaa vyake vilikuwa kushoto.

Na Domina naye hakusaidia. Tangu siku ya kwanza mama yule alihamisha kigoda chake na ungo wake wa kunde, akakaa kwenye kivuli cha gari, upande ule ule wa kushoto, karibu na mlango. Alichambua kunde na kuongea Kibena kwa sauti ya chini, akinyamaza kidogo, akiendelea, kama watu wanaoongea kwa zamu. Generoza alielewa Kibena cha salamu tu. Alimwomba mama ahamie barazani, kuna msasa na vumbi la faiba litamwasha. Domina akajibu kwamba hapo alipo panamtosha.

Siku ya tatu Generoza aliingia kwenye gari kusafisha zulia jipya alilolitia Vitalis. Lilikuwa jekundu, halijachakaa, na hata lile la upande wa dereva lilikuwa bado na nyuzi zake zimesimama. Upande wa kushoto, pale ambapo sasa hapana usukani wala klachi, palikuwa na mashimo mawili madogo yaliyokandamizwa, ya visigino, kimoja mbele kidogo ya mwenzake, kama mtu aliyeweka mguu tayari kwa klachi. Alilisugua zulia kwa brashi mpaka nyuzi zikasimama. Alipotazama tena baada ya kula, visigino vilikuwa vimerudi.

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini woga wa fundi una tabia yake, unataka kipimo. Akajiambia labda kuna kitu kizito kimefichwa kwenye bodi ya kushoto, bonge la kutu au risasi ya kuchomelea iliyomwagwa Dar na hao waliohamisha usukani. Basi atajua uzito wake. Akaburuta mfuko wa saruji wa kilo hamsini akauweka kwenye kiti cha kulia. Tone la pima maji likasogea, halikufika katikati. Akaenda kwa Mwanne akaazima mawe ya mizani, akasema ni ya kukandamizia faiba isije ikajikunja. Akaweka la kilo kumi. Likasogea. Akaweka la tano. Akaweka mawili ya kilo moja moja. Bado kidogo. Alipoweka la kilo moja la mwisho, tone likaingia katikati ya mistari yake na kutulia kabisa.

Sitini na nane.

Generoza alikaa chini kwenye saruji. Wiki ile waliyofunga ndoa, yeye na Bonifas walipimana kwenye mizani ya mkonge pale shambani, kwa upuuzi tu, karani akiwa amekwenda kula. Yeye alitoka sabini na moja, Bonifas sitini na nane. Miaka kumi na sita Bonifas alimtania kwa kilo zile tatu, kwamba mkewe alimeza robota la mkonge siku ya harusi. Hakuwahi kunenepa wala kukonda, mwanamume yule. Shati la mwaka sabini na moja lilimtosha hadi siku alipoondoka.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la fundi aliyetishika. Angeweza kumpelekea Vitalis ujumbe kwamba gari linainama, alitafutie springi nyingine. Hakutaka gari lile lilale uani kwake siku moja zaidi. Akaamua kufuata ardhi. Kwenye vishikio vya kushoto akarefusha matundu kwa tupa, akaipandisha spoila upande huo kwa vidole viwili kuliko mwili wa gari ulivyotaka, akakaza bolti na nati, akajaza pati pale ilipoachana na bampa, akasugua, akapuliza rangi nyekundu. Kwa macho, spoila ilikaa sawa na ardhi kama meza. Ilikuwa imefungwa sawasawa kwa gari lenye mtu ndani, ila jambo hilo alilielewa baadaye.

Vitalis alikuja, akachuchumaa mbele ya gari kama wanavyofanya wote, akatabasamu hadi magego. Domina alinyanyua kigoda chake. Gari lilipoondoka mama yule aliinua mkono akapunga, naye Vitalis, kwa adabu, akampungia. Generoza aliona kabisa kwamba mkwewe hakuwa anatazama upande wa dereva.

Siku nane zikapita. Usingizi wake ulirudi, hamu ya kula ikarudi, akaanza hata kujicheka. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Vitalis akaingia uani. Safari hii hakuwa na utani. Alimwamkia vizuri, akamheshimu, kisha akamwomba asogee mbele ya gari atazame. Hakuhitaji kusogea. Spoila ilikuwa imepinda, kushoto juu, kulia chini, mpaka Mwanne dukani kwake aliweza kuona. Vitalis akasema watu wa Mikumi wamemcheka, wanauliza gari lake limepata kiharusi lini.

Generoza alichukua pima maji akaiweka juu ya boneti. Tone katikati. Akachukua futi akapima mwili wa gari toka sakafuni, kushoto na kulia. Sawa kwa sawa. Akapiga magoti akaangalia bolti zake: hazijalegea, alama ya rangi aliyoweka kwenye nati bado imeungana. Kilichopinda hakikuwa spoila. Gari ndilo lililonyanyuka. Alifungua mlango wa kushoto akatazama zulia, na nyuzi zilikuwa zimesimama zote.

Akamuuliza Vitalis, taratibu, tangu lini. Vitalis akasema tangu Jumatano, na akasita, kisha akaeleza. Alikuwa anatoka Morogoro, saa sita mchana, ndani ya hifadhi. Nyani walikuwa barabarani kwa hiyo akapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Mlango wa kushoto ukafunguka. Kitasa ni kipya, alikitia mwenyewe Dar, na hakikulegea. Ukafunguka taratibu hadi mwisho, si kama mlango unaochomoka, na upande ule wa gari ukainuka.

"Unajua mtu mzima anaposhuka, gari linavyopumua?" alisema. "Ndivyo lilivyofanya, dada. Nikasimama, nikalizunguka gari nikaufunga. Hapakuwa na mtu. Hata wale nyani walikuwa wamenyamaza, wamekaa wanatazama kwenye karavati chini ya barabara. Sikumwambia mtu, wataniona nimeanza kuvuta bangi."

"Karavati gani?"

Alilieleza. Dogo, la bomba, limeziba kwa mchanga, kabla ya mteremko, upande wa Morogoro wa pale njia ya tembo inapovuka. Generoza alipajua pale gari lilipokutwa mwaka ule, alikuwa amepelekwa akapaona. Palikuwa mbele zaidi, upande wa Mikumi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Na waliotafuta walielekea mtoni, hakuna aliyefuata barabara kuelekea Morogoro.

"Nipeleke," alimwambia. "Spoila nitaifunga bure."

Hakumuaga Domina kwa maneno mengi, alisema anakwenda Mikumi kuangalia kazi. Alikaa kiti cha kushoto, akaiweka miguu yake kwenye zulia pale ambapo visigino vilikuwa, na alijihisi kama aliyekalia kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kujisaidia. Vumbi la Ulaya, vumbi la Zombo, spoila ikikwangua mara moja moja, wala Vitalis hakulalamika. Langoni mwa hifadhi walimchukua Tomasi, askari wa wanyama, mteja wa baa ya Vitalis, na bunduki yake na sepetu moja, maana ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka ukatembea hivi hivi. Walichomwambia Tomasi ni kwamba mama huyu alipotelewa na mumewe, anataka kupatazama mahali. Hilo lilikuwa kweli.

Walifika saa saba. Joto lilikuwa linatetemeka juu ya lami, nyasi kavu zimefika kifuani, wala ndege hakulia. Karavati lilikuwa kama alivyosema Vitalis, bomba la zege ambalo mtu mzima angeweza kuingia kwa kutambaa, mdomo wake umejaa udongo hadi juu. Tomasi alizunguka kwanza na bunduki, akarudi akasema pako salama. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetazama chini, kwamba zamani, kabla halijaziba, hapa maji yalituama mwezi mzima baada ya mvua, na nyati walipenda kuja kunywa.

Generoza akaomba sepetu. Wanaume wakataka kuchimba wao, akawakatalia. Alichimba mdomo wa upande wa juu, udongo mgumu ukigeuka mchanga laini ndani, akalala kifudifudi akaendelea kwa mikono. Kitu cha kwanza kilikuwa dumu la lita tano la plastiki, limepondeka, kifuniko kipo. La kuchotea maji ya radieta. Alilitoa akaliweka nyasini kwa uangalifu, kama linaweza kumwagika. Cha pili kilikuwa soli ya kiatu. Cha tatu kilikuwa mfupa mrefu wa paja, umevunjika katikati, na Tomasi aliuchukua akaugeuza, akasema mtu huyu alipigwa na nyati, nyati hupiga hapa. Alitambaa akaingia humu ili asimalizwe. Angesubiri gari lipite, apige kelele. Halafu mvua ile ya usiku kucha, bomba likajaa maji na mchanga.

"Huenda si yeye," Vitalis alisema, kwa huruma.

Generoza alikuwa amefikia mkanda. Ngozi ilikuwa imeoza yote, bizimu imebaki. Aliisugua mchanga kwa kidole gumba. Ilikuwa ya bati nene la fenda ya lori, imekatwa kwa mkono na kusuguliwa kwa tupa, kona moja imepinda kidogo kwa sababu tupa yenyewe ilikuwa butu na duka la serikali halikuwa na nyingine mwaka huo. Alimkatia mumewe bizimu ile jioni moja baada ya kazi, wakati hata mkanda wa dukani haukupatikana. Unaweza kusahau sura ya mtu, lakini fundi hasahau alama za tupa yake.

Alikaa pale kwenye mchanga, na kilichomtoka kwanza hakikuwa kilio cha msiba. Ilikuwa furaha, Mungu amsamehe. Hakumkimbia. Alikuwa na dumu mkononi, anatafuta maji, arudi garini, amchukue bosi wake, arudi nyumbani. Hapakuwa na lori wala Ifakara wala mwanamke. Furaha ile ilikaa labda kwa dakika moja, kisha nyuma yake yakaja yale aliyomwita kwa miaka minane, jikoni, kisimani, kanisani hata, mhuni, mbwa, mwanamume asiye na haya, na mwenyewe wakati wote huo amelala hapa gizani na paja lake limevunjika. Hapo akalia, mpaka Tomasi akaenda kusimama mbali akitazama nyasi.

Polisi wa Mikumi waliandika yote, wakaweka mifupa kwenye mfuko mweupe, wakasema daktari wa wilaya atakuja kesho kabla ya kuwakabidhi. Vitalis hakugusia spoila. Alimrudisha Generoza Kilosa jioni hiyohiyo, gari limetulia sawa kwa sababu mara hii waliokaa ndani walikuwa wawili wenye pumzi.

Domina alikuwa barazani. Generoza hakumwamkia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aolewe. Alipiga magoti mbele yake na udongo wote ule kwenye nguo, akamshika miguu.

"Mama, Bonifas hakwenda Ifakara. Nimemkuta. Alikufa siku ileile, hifadhini, alikwenda kuchota maji. Wewe ulisema kweli miaka yote, na mimi nilikutukania mwanao ndani ya nyumba yako. Nisamehe."

Alingoja kelele, au kofi, au lile neno ambalo mama yule alikuwa na haki ya kulisema: si nilikuambia. Miaka minane aliyadai matanga haya, sasa ameyapata. Midomo ya Domina ilikuwa inatafuta kitu.

"Mwanangu," alisema, "kila siku nilikuwa namwomba Mungu uwe wewe ndiye unayesema kweli."

Kisha uso wake ukavunjika. Generoza alimvuta akamkumbatia, mwili wote ule mwepesi, na sauti walizotoa zilivuka ua hadi barabarani. Mwanne alisikia, akamrudishia mteja hela yake, akafunga duka, akaja. Mnamo saa moja usiku wanawake wa Magomeni walikuwa wamekwisha kutandika mikeka.